UZI: Far Cry 2, gemu lisilombembeleza mchezaji. Tuchambue ubora na udhaifu wake

Fundi Pedi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila msimu wa punguzo Far Cry 2 inauzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi mayai, na kila msimu ni wimbo uleule: vijana wanainunua, wanacheza saa moja, wanaifuta, halafu wanakuja kutoa povu. Bunduki inagoma. Ramani haisomeki. Homa inapanda katikati ya mapigano. Wengi wao wameanzia Far Cry 3 ya 2012 au ile ya tano ya 2018, wamezoea kuelekezwa kila hatua, alama zimejaa kwenye kioo. Wakikutana na gemu lisilo na hata kiramani pembeni wanahisi wameibiwa.

Nimeona nilete uzi tulijadili vizuri, maana lawama nyingi zinakwenda pasipostahili na makosa yenyewe yanaachwa bila kuguswa.

Kwa ambao hamjaligusa: lilitoka Oktoba 2008, kazi ya Ubisoft Montreal, kwa PC, PS3 na Xbox 360. Mkuu wa ubunifu alikuwa Clint Hocking. Lile la kwanza la 2004 lilitengenezwa na Crytek, Wajerumani. Hili halikuendeleza hadithi ile. Injini, yaani programu inayoendesha gemu, walitumia ya kwao, wakaiita Dunia.

Wewe ni mamluki. Umetumwa kwenye nchi ya kubuni Afrika ya Kati kumuua mtu anayeitwa the Jackal, muuza silaha anayezihudumia pande zote mbili za vita: UFLL ya Addi Mbantuwe na APR ya Oliver Tambossa. Unaingia kwa teksi. Dereva anapiga soga, mnapita kizuizi cha wenye bunduki, na kabla hujafanya lolote malaria inakulaza. Unazinduka kitandani hotelini, na huyo uliyetumwa kumuua amesimama juu yako anasoma karatasi za kazi yako. Anachomeka panga ukutani karibu na kichwa chako, anaondoka zake. Kazi imeshaharibika na gemu ndiyo kwanza linaanza.

Sasa tuje kwenye hoja. Mambo matatu ambayo watu wanayataja kama udhaifu, kwangu ndiyo uti wa mgongo wa gemu hili.

La kwanza, silaha kuchakaa. Bunduki unayookota kwa maiti ina kutu, na itakugomea. Unafyatua, kimya, mkono unaipiga ngumi, unavuta koki, na jamaa anazidi kukusogelea. Ukiendelea kuitumia inaweza kupasuka mikononi. Ya dukani inatoka safi ghalani, lakini nayo ina umri wake. Matokeo yake ni kwamba hakuna mapigano unayoweza kuyapanga kwenye karatasi yakaenda ulivyopanga. Unalazimika kufikiri papo hapo, na hapo ndipo gemu linapokuwa tamu.

La pili, ramani. Unaikunjua mkononi, karatasi kabisa, huku unaendesha. Gemu halisimami. Jicho moja barabarani, jicho moja kwenye karatasi, na vibao vya njia panda vinageuka vyekundu kukuonyesha uelekeo. Baada ya muda unaacha kuitazama. Unaijua njia panda yenye gereji, unajua daraja lipi lina mtu wa roketi (RPG). Nitajieni gemu la siku hizi lililokufanya ujue barabara zake kwa kichwa.

La tatu, moto. Hapa nitakaa kidogo. Jaribuni hivi: kambi ya mbao bondeni, mchana, nyasi kavu mpaka kiunoni. Unarusha chupa ya petroli pembeni ya kambi, siyo ndani. Moto unashika nyasi, unatembea na upepo, unafika kwenye mtungi wa gesi. Mtungi unaruka huku unatema moto, unaangukia lundo la risasi, na lundo linaanza kulipuka lenyewe, pa, pa, pa, askari wanajibu mapigo kwa adui ambaye hayupo. Hujafyatua hata moja. Halafu unagundua hukuangalia upepo unavuma kwenda wapi, na nyasi zinazowaka sasa ni zile ulizolalia. Unakimbia, afya imebaki kipande cha mwisho, unajibanza nyuma ya mwamba na kuchomoa risasi mguuni kwa koleo. Yote hayo hayakuandikwa na mtu. Yamezaliwa na upepo, nyasi na mtungi.

Udhaifu sasa. Ni VIZUIZI. Kila njia panda kuna kibanda chenye wenye bunduki. Unawamaliza wote, unakwenda mwendo mfupi, unarudi: wamejaa upya, wanavuta sigara, hawana habari kwamba wenzao wamekufa pale pale. Katikati ya vizuizi kuna magari ya doria, na kila gari likikuona linageuka kukufukuza likiwa na bunduki kubwa juu. Unasimama, unawaua, unashuka, unafungua boneti, unakaza nati. (Gari liwe limetobolewa na risasi kiasi gani, dawa ni nati moja ya rejeta na spana moja. Natamani fundi wangu angekuwa hivyo.) Unapanda, unakwenda, kizuizi kingine.

Mengine mtaongezea. Nawasilisha.

---

Kiroboto

Nimevuta kiti hapa. Ngoja waje.

---

Afande Mstaafu JKT

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri lakini kwenye bunduki nakupinga.

Mimi nimepita jeshini, SMG naifungua na kuifunga nimefumba macho. Silaha inagoma, ndiyo. Inagoma kwa vumbi, kwa magazini iliyopinda, kwa risasi mbovu, kwa uvivu wa mwenye nayo. Lakini ile silaha ya kwenye gemu inatoka ghalani inang'aa, na kabla hujamaliza misheni mbili imeshaota kutu ya baharini. Hakuna chuma cha namna hiyo. Tena mchezaji hana namna ya kuisafisha! Hana kitambaa, hana mafuta, hana fimbo ya mtutu. Askari anayekaa na silaha bila kuisafisha kwetu angekula adhabu mpaka ashike adabu.

Kama walitaka uhalisia wangemwachia mchezaji aitunze silaha yake. Anayeitunza inadumu, mzembe inamgomea. Hapo ningewapigia saluti. Walichofanya ni kuweka saa ndani ya bunduki.

Nawapa alama kwenye kitu kimoja: majeruhi. Ukimpiga mtu wa mguu hafi. Analala chini anapiga kelele, na mwenzake anakuja kumbeba. Na yule aliye chini ukimsogelea kizembe anachomoa bastola. Hilo nimelipenda.

---

Fundi Pedi

Afande, shikamoo.

Hoja ya kusafisha silaha nimeikubali kwa asilimia zote, ingeendana kabisa na moyo wa gemu. Ila tukumbuke kuna vitabu vya matengenezo dukani: unanunua cha bunduki fulani kwa almasi na uimara wake unaongezeka. Siyo kitambaa na mafuta, lakini mzembe na makini hawafanani.

Kuhusu kasi ya kutu, mimi sihesabu kama uhalisia, nahesabu kama kanuni ya mchezo. Bila hiyo kila mtu angebaki na bunduki moja aipendayo toka mwanzo mpaka mwisho.

---

Chalii wa Ngarenaro

Nyie wazee mnapenda kuteseka basi tu. Gemu ni burudani! Mtu umetoka kazini, umekula foleni, umesimamishwa na trafiki, unafika nyumbani unawasha gemu, unasimamishwa tena barabarani. Hapana kwa kweli.

Far Cry 3 kambi ukiiteka ni yako, bendera inabadilika, watu wako wanakaa pale, unalala usingizi. Ndiyo maana iliuza na hii mnaipigia debe nyie watano.

---

Nyawira 254

Habari zenu kutoka Nakuru. Mimi nilicheza hii kwa PS3 ya kakangu enzi hizo na bado naiweka juu sana, lakini wacha niseme ukweli wote.

Mazingira walijaribu sana. Ile saa ya jioni, jua limeshuka, mti mmoja wa mgunga umesimama peke yake na vumbi la gari lililopita bado liko hewani, aki unaweza dhani uko barabara ya Narok kuelekea Mara. Rangi ya udongo wameipata. Nyasi wameipata. Msimu wa kiangazi nyumbani ukiona vile moto unashika nyasi za kando ya barabara, unajua hawa watu walitazama moto wa kweli kabla waanze kuchora. Magemu mengine moto ni pambo tu, unakaa pale pale umechorwa.

Lakini wanyama? Pundamilia, nyumbu, swala, nyati. Basi. Hakuna simba, hakuna fisi, hakuna mamba kwa mto. Savana gani usiku huogopi chochote isipokuwa mtu?

Halafu kuvizia. Mimi napenda kucheza kimyakimya, sipendi fujo. Nikachukua MP5 ya kimya, nikachukua ile bunduki ya mishale, nikanunua hata suti ya kujificha. Usiku, mvua, niko ndani ya kichaka. Natoa mmoja. Kambi nzima inageuka kunitazama mimi, siyo kutafuta, kunitazama. Kama gemu halitaki nivizie si lingesema tu, badala ya kuniuzia vifaa?

Na ile kuongea kwao! Kila mtu anaongea ni kama amebakisha shilingi moja ya simu. Hakuna nukta, hakuna kupumua. Misheni unapewa kwa sekunde chache na huwezi rudisha nyuma.

---

Binti Kariakoo

Nyawira umenichekesha na shilingi moja 😂 Kweli kabisa, wanaongea hadi unajiuliza wanakimbilia wapi.

Mimi niongezee kitu ambacho Fundi hajakigusa na kwangu ndicho kinalibeba gemu zima: maswahiba.

Unapoanza unachagua mmoja kati ya mamluki tisa, na wale usiowachagua unakutana nao humo ndani. Ukipewa kazi, swahiba anakupigia simu: usifanye hivyo, pitia kwangu kwanza, tutapata zaidi. Njia yake ni ndefu na ya hatari. Lakini ukizidiwa mahali popote na ukaanguka, yeye ndiye anayetokea. Anakuburuta kwenye vumbi, anakupa bastola, anapigana na wewe bega kwa bega.

Sasa na yeye anaweza kuanguka.

Mimi alikuwa Warren. Mapigano yameisha, nasikia mlio, kuna moshi wa rangi. Namfuata, amelala chini. Unaweza kumchoma sindano. Nikamchoma, bado anagugumia. Nikamchoma ya pili. Bado. Na sindano hizo ndizo dawa zangu mwenyewe, na niko mbali na kila kitu. Gemu halisemi chochote. Hakuna maandishi ya kukuambia "chagua". Mkono wako mmoja una sindano na mkononi mwa pili kuna bastola, na yeye anakutazama. Niliendelea kuchoma sindano mpaka akatulia, na hakuamka tena. Na hakurudi kwenye gemu. Kiti chake pale baa kilikaa mtu mwingine.

Nimecheza magemu yenye filamu za dakika ishirini za kulazimisha nilie, sikulia. Hapa hata muziki hawakuweka.

Udhaifu wa hapohapo: kabla hawajafa huwajui vizuri. Historia zao ni nyembamba, mnaongea mambo ya kazi tu. Wangewapa muda wa kukaa, siyo kukurupushana, yale maumivu yangekuwa mara kumi.

---

Kidude cha Tandika

Na mwisho wa gemu hao hao maswahiba uliowaokoa wanakugeuka wanataka almasi, unalazimika kuwapiga risasi wote. Kwa hiyo dada umelilia bure.

---

Binti Kariakoo

Wewe Kidude una matatizo gani? Weka tahadhari mtu asome akitaka!

---

Fundi Pedi

Kidude tafadhali bwana, wengine ndiyo wanataka kuanza.

Ila kwa vile limeshamwagika: hapo ndipo nilipowavulia kofia waandishi. Toka mwanzo kila mtu aliye pale amekuja kwa ajili ya mawe, na wewe ukiwemo. Gemu lilikuwa limekwambia hivyo muda wote, mchezaji ndiye anayejidanganya kwamba wao ni marafiki. Hocking mwaka 2007 aliandika makala iliyovuma sana akilikosoa gemu la BioShock kwamba hadithi yake inasema hivi huku mchezo wenyewe unamfanya mchezaji atende vile. Mwaka mmoja baadaye akatoa gemu ambalo kila unachofanya kwa mikono yako ni kichafu, na hadithi nayo inakwambia ni kichafu. Alijaribu kuishi alichohubiri.

---

Mtoto wa Ibanda

Bandugu, salamu kwenu. Mimi ni wa Bukavu, kwa sasa naishi Lyon. Nasoma uzi huu tangu asubuhi, nikasema nami niweke neno, kwa sababu mnasifu mti na vumbi na hamjauliza watu wako wapi.

Nchi ile haina wananchi. Tembea kaskazini yote, Leboa-Sako, tembea kusini yote, Bowa-Seko. Utaona nyumba, utaona sufuria nje ya nyumba, utaona nguo kwenye kamba. Mwenye nguo hayuko. Kila anayetembea ana bunduki na kila mwenye bunduki anakupiga. Raia pekee unaokutana nao ni wale wachache waliofichwa ndani, unawapelekea karatasi za kusafiria na wao wanakupa vidonge. Na padri kanisani. Na yule mwandishi wa habari, Reuben. Wamekwisha.

Sisi tuliokulia kwenye vita, ukituuliza vita ni nini, hatukwambii kwanza bunduki. Tunakwambia barabara. Barabara iliyojaa mama na godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine anashika kanga, mbuzi, baiskeli yenye magunia matatu. Na siku ya soko soko linakuwepo hata kama jana walipigana, kwa sababu watu lazima wale. Na kwenye kizuizi, mwenye kizuizi hapigi kila mtu risasi! Anataka pesa. Anataka sigara, anataka kipande cha sabuni. Kizuizi ni biashara yake. Sasa mchezo wa almasi na rushwa na mamluki, wakaweka vizuizi kila mahali, na hakuna hata kimoja unachoweza kulipa ukapita? Hapo walikosea zaidi kuliko hilo la kujaa upya. Wangeniachia nitoe almasi moja, nipite, na yule askari labda akubali, labda anigeuke. Ningesema hawa wanaijua kazi.

Tena jina la APR. Kwetu herufi hizo tatu zilikuwa za jeshi la jirani, Rwanda, kwa Kifaransa, kabla halijabadilishwa jina. Sisemi walikusudia. Nasema mimi nikiziona kwenye kioo silioni gemu tena.

Na bado, mutanishangaa, ninaipenda. Kwa sababu moja: hakuna mzungu mwema anayekuja kuokoa. Michezo mingi na filamu nyingi juu ya Afrika lazima awepo. Hapa wageni wote ni mbwamwitu, na mbwamwitu mkubwa anauzia pande mbili risasi zilezile. Viongozi wa vyama wanasema ukombozi, na kazi wanazokupa ni kulipua bomba la maji na kuchoma dawa. Hiyo ni kweli kabisa. Niliiona.

---

Kiroboto

Mtoto wa Ibanda, umeandika. Heshima kwako.

---

Chalii wa Ngarenaro

Hoja ya kulipa kwenye kizuizi imenimaliza. Hiyo gemu ningeicheza.

---

Fundi Pedi

Ndugu wa Bukavu, asante sana kwa kuandika. Hilo la rushwa sijawahi kuliona likisemwa popote na ndilo lenye jibu.

Maana angalieni: vitu vyote vilikuwepo. Almasi zipo, na ndiyo pesa pekee. Miji ya kusitisha mapigano ipo, ukiingia Pala na silaha chini hakuna anayekugusa, kwa hiyo injini ilikuwa inajua askari asiyekupiga ni wa namna gani. Saa ya usiku na mchana ipo. Walishindwa nini kusema: kizuizi ukikifuta kinajaa baada ya siku mbili za mchezo, na ukitoa jiwe unapita? Utetezi wao kwenye hadithi ni kwamba kazi zako ni za siri, kwa hiyo hata askari wa upande unaoufanyia kazi hawajui na watakupiga. Sawa, kwa misheni ya kwanza. Mbele ya safari jina lako limeshaenea nchi nzima, watu wanakuongelea kwa hofu, halafu mlinda njia mwenye bunduki yenye kutu anakukimbiza peke yake?

Far Cry 3 ilisikia kilio hiki, ila ikakijibu kwa kupindukia. Kambi ukiiteka imekwisha, eneo linapoa, na ukiteka zote unabaki na kisiwa kitupu cha kuwinda nguruwe. Toka hapo mpaka ile ya sita ya 2021, kwa kiasi kikubwa wanatembea na dawa hiyohiyo. Kati ya kizuizi kisichokufa na kambi isiyofufuka kuna nafasi kubwa ambayo hawajaitafuta vya kutosha.

---

Mfamasia Mwenge

Nimechelewa, naomba niseme la malaria kwa sababu ndiyo eneo langu na kila nikiona ile skrini inageuka manjano nacheka.

Mgonjwa wa kwenye gemu anapata homa, kichwa kinazunguka, anameza KIDONGE KIMOJA, sekunde chache baadaye anarusha RPG. Mwaka 2008 gemu linatoka, hapa Tanzania tulikuwa tumeshahamia dawa mseto. Klorokwini ilishaachwa 2001, SP ikafuata, kisha ALu, ndiyo mseto wenyewe. Mtu mzima ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, na umeze na chakula chenye mafuta. Ukitaka uhalisia mfungie mchezaji kitandani siku tatu, mdomo mchungu, viungo vinauma, na mama mkwe anakuletea uji.

Tena inarudi na kurudi hadi mwisho wa gemu. Huyo hana malaria ya kawaida, huyo dozi hamalizi.

Lakini kama kanuni ya mchezo, kama alivyosema Fundi kwenye kutu, naielewa. Inakulazimisha kwenda kwa wale raia waliofichwa. Bila homa nani angewatafuta? Kwa hiyo mtu wa Bukavu, walau ugonjwa ndio umekuonyesha watu wawili watatu.

---

Mtoto wa Ibanda

Mfamasia, hapo umenipata. Nakubali.

---

Kidude cha Tandika

Wakuu tuache falsafa. Laptopu yangu RAM 4, haina kadi ya picha ya maana. Itakubali? Na kuna ya PS4?

---

Fundi Pedi

Kidude, PS4 hakuna. Far Cry 3 ndiyo ilirudishwa kwa PS4, hii ya pili waliiruka. Kwa konsoli ni PS3 na Xbox 360. Kumbuka kwenye konsoli unasevu sehemu maalumu tu, kama vijumba vya kulala, PC unasevu popote, na kwa gemu hili tofauti hiyo ni kubwa.

Laptopu yako itabeba. Gemu lilitengenezwa kwa kompyuta za 2008, RAM ya GB 1 ilikuwa inatosha kuanzia. Shusha vivuli na majani kwanza, usiguse moto. Ukipunguza moto umebaki na nini?

Nunua toleo la Fortune's Edition, duka la mtandaoni la GOG wanaliuza bila kufuli la ulinzi. Kisha tafuta Far Cry 2 Multi Fixer, ni kazi ya wapenzi wa gemu. Inarekebisha mambo mengi, na kubwa zaidi ni kanda za mahojiano ya the Jackal. Toleo la PC lina hitilafu inayofanya usikie rekodi zilezile zikijirudia, wakati kila kanda ilitakiwa iwe na maneno yake, na ndani ya kanda hizo ndimo the Jackal anapojieleza. Watu wamemaliza gemu wakidhani ni jambazi tu asiye na hoja, kumbe nusu ya hoja zake zilimezwa na hitilafu. Hiyo ni aibu kwa kampuni kubwa kuiacha mpaka mashabiki waitengeneze wenyewe.

Kuna na modi, yaani marekebisho ya mashabiki, inaitwa Redux. Ukishamaliza mara ya kwanza ijaribu.

---

Chalii wa Ngarenaro

Haya mmenishawishi, naipakua usiku vocha zikiwa rahisi. Nipeni mbinu za kuanzia ili nisiifute tena.

---

Afande Mstaafu JKT

Kijana, sikiliza. Mosi, kazi za wauza silaha zile za kulipua misafara zifanye mapema, ndizo zinafungua bunduki mpya dukani. Pili, usiokote cha maiti kama una pa kuchukua kipya. Tatu, ikibidi kuokota, okota AK. Ndiyo pekee humo iliyonifurahisha: chafu, lakini inavumilia.

---

Nyawira 254

Na ufuate taa ya kijani kwa kile kifaa cha GPS cha mkononi, ikianza kupepesa haraka kuna almasi karibu. Usipite tu.

---

Mtoto wa Ibanda

Chalii, mimi nakupa moja tu. Achana na barabara. Chukua mtumbwi wa injini, pita mtoni, usiku. Vizuizi vingi viko njia panda, na mto hauna njia panda nyingi. Ukikaribia daraja zima injini, uache maji yakusukume.

---

Binti Kariakoo

Na sindano nyingi kadiri unavyoweza kubeba, muda wote. Usitembee na mbili.